Kitenge cha Miavuli Myekundu

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Salamu nyingi kutoka Arua. Mimi mzima, cherehani nzima, na kibanda changu cha ushonaji kipo palepale mtaa wa Oli, ila siku hizi kina bati jipya na mlango unaofunga bila kubembelezwa. Usishtuke kuona barua yangu baada ya miaka sita. Sijaja kukulaumu. Lawama zote nilikwisha kukuandikia kichwani, nyingine nikipiga pasi, nyingine nikiwa kanisani, tena mchungaji akihubiri habari za kusamehe. Hii naiandika kwa furaha, na naiacha wazi asome yeyote, maana nusu ya Arua na Koboko yote wanakijua kisa chetu. Wewe peke yako hujui kilivyoishia.

Unakumbuka tulivyojuana? Ulikuja na suruali ya mtumba, ukataka nishushe pindo. Nikaitazama suruali, nikakutazama wewe, nikaona kazi ipo: pindo lilikuwa la vidole viwili na miguu yako ilidai shibiri nzima. Nikakuunganishia chini kitambaa cha rangi nyingine, nikijua hutarudi tena. Kesho yake ukarudi na suruali tatu. "Dada, watu ya Onduparaka yote wanauliza nani alishona hii," ukasema, nami nikaamini. Baadaye sana ndugu yako ndiye aliyeniambia kwamba walikuwa wanakucheka.

Na siku uliyonipeleka kwenu Onduparaka kutazama mpira! Ulipiga kelele mpaka sauti ikakauka kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili ukanifanya mimi kuwa sauti yako, unanigusa bega, unanionyesha mtu uwanjani, nami napaza sauti juu ya jambo nisilolielewa: "Refa, wewe iko kipofu!" Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu akageuka, akaniambia kwa upole, "Mtoto yangu, huyo hapana refa. Huyo iko kipa yetu." Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulicheka bila sauti, machozi yanakutoka. Hayo sijayatupa, na sina mpango wa kuyatupa. Mpirani bado naenda, na refa sasa namjua.

Basi tukachumbiana, ikapangwa siku ya watu wa kwenu kuja kwetu Koboko kujitambulisha na kuleta mahari. Tukaenda wote sokoni kwa Mama Furaha, yule Mkongomani anayeuza vitenge, kuchagua sare ya wanawake wa upande wetu. Wewe ndiye uliyechagua: buluu, yenye miavuli myekundu mikubwa kama sahani za kulia. Mimi niliona kinapiga kelele mno. Mama Furaha akakuunga mkono, akakisugua kitambaa kwa ngumi zake mbili. "Dada, hii rangi haitokake. Hata unafua na mawe, haitokake." Tukachukua vya kuwatosha wanawake ishirini na watatu.

Nilivishona vyote mwenyewe. Shangazi Yunisi, dada mkubwa wa baba yangu, alipokuja kupimwa alinikataza. "Binti hapana kushona nguo ya siku yake," alisema. "Patia wengine kazi, wewe unakaa." Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani. Nilikupenda, na nilitaka kila mshono wa siku ile utoke mkononi mwangu.

Siku yenyewe wewe unaijua kwa kutokuwepo. Ngoja nikueleze ya sisi tuliokuwepo. Kwetu binti haonekani mpaka aitwe, kwa hiyo tangu asubuhi niliwekwa chumbani, nimekaa kitini na miavuli yangu, masikio nje. Saa nne nikasikia viti vinapangwa. Saa sita ikaingia harufu ya mbuzi. Saa nane wanawake wakaacha kuimba. Saa kumi nikamsikia baba mdogo anapiga simu, halafu anapiga tena. Saa kumi na moja akasema kwa sauti kubwa, nadhani ili nami nisikie: "Chakula hapana fanya kosa. Ita majirani, wakule." Nikaanza kusikia sahani. Mama akaingia, akakaa sakafuni karibu na miguu yangu. Niliumia. Sitakuficha, niliumia mpaka nikaona kupumua kwenyewe ni aibu. Kesho yake alfajiri nikarudi Arua, na baada ya wiki moja ujumbe wako ukaingia kwenye simu: "Nisamehe." Neno moja tu.

Watu walinifariji kama watu wanavyofariji. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Kweli tupu. Lakini yaliyopita ya wenzangu hukaa kimya nyumbani. Yangu yalikuwa yanavaliwa na wanawake ishirini na watatu. Nani atatupa kitenge kizuri kwa ajili ya mwanamume? Wakakivaa sokoni, wakakivaa kanisani, wakakivaa msibani. Binamu yangu akakibebea mtoto. Jirani wa mama akakifanya pazia, dirisha zima miavuli. Na Mama Furaha hakusema uongo, rangi haikutoka. Nililiomba jua la kwetu West Nile linisaidie kukipausha, jua nalo likanyoosha mikono.

Nikaanza kuikwepa Koboko. Sikukuu nikawa natuma sukari na sabuni, mwenyewe siendi. Kukiwa na msiba nakwenda asubuhi, jioni nimerudi. Na kibandani nikakataa kabisa kushona sare za siku za wageni wa mahari. Mteja akija na bunda la vitenge nampeleka kwa fundi wa kibanda cha pili, huyo akanenepa kwa kazi zangu. Nilijiambia kwamba nina mkosi, shangazi alinionya nikadharau. Ukweli ni kwamba niliogopa kushika nguo za furaha ya mtu mwingine.

Mwaka jana nikaenda hospitali ya Kuluva kumwona rafiki yangu aliyejifungua. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mama kijana kutoka Sudan Kusini, kichanga chake kimefunikwa miavuli myekundu. Nilidhani macho yananichezea. Nikaomba kumbeba mtoto, nikageuza pindo kidogo nilitazame: mshono wangu. Nikamuuliza yule mama kitenge kile amekipata wapi.

"Mama mzee moja ya Koboko," akasema. "Mguu yake ilikuwa mgonjwa, tulilala hapa pamoja. Mimi nilikuja na nguo moja tu. Akatoa hii, akanipatia. Mtoto ya kwanza nilifunga na hii. Sasa ya pili, hii tena. Hii kitenge iko na bahati sana."

Nikajua ni shangazi Yunisi, maana aliwahi kulazwa pale na mguu wake. Yule mama alipoona nimeduwaa akanionea huruma. "Dada, wewe hapana mtoto bado? Leta mkasi, nakukatia kidogo."

Nilicheka, mwenzangu. Nilicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza nani amezidiwa. Mtu ananimegea bahati kutoka kwenye nguo niliyoikimbia miaka yote ile! Nikamwambia akiache kizima, mtoto wa tatu atakihitaji. Njiani kurudi mjini niliwaza jambo moja tu: mimi nilikuwa nimeikalia siku ile kana kwamba ni yangu na yako peke yetu, kumbe shangazi alikwisha kuivua akampa mwenye shida.

Usidhani nilipona palepale. Mwezi uliopita mdogo wangu Aneti alikuja kibandani. Unamkumbuka, yule aliyekuwa mwanafunzi wakati ule, ndiye aliyekuwa akitumwa barabarani kuchungulia kama magari yenu yanakuja. Sasa ni mwalimu, na amepata mtu wake.

"Wageni yangu wanakuja," akasema. "Nataka wewe unashona nguo."

Nikaanza hadithi yangu ya fundi wa pili. Akanikatiza. "Na ndani ya chumba nitakaa na nani? Mama hawezi kukaa pale tena. Dada, mimi naogopa. Naogopa hawatakuja."

Miaka sita nilijua ninachokimbia, na sikuwahi kujua kwamba nimemwachia mdogo wangu akikalie. Kama ningekataa, angeingia chumba kile peke yake, akae na siku yangu mpaka ya kwake ifike. Nikachukua futi, nikaanza kumpima.

Nilishona nguo thelathini na moja, kitenge cha manjano chenye majani, safari hii kimechaguliwa na mtu mwenye macho. Shangazi Yunisi alikuja kupimwa akichechemea. Nikamtania, "Shangazi, leo nina ruhusa?"

"Hii hapana siku yako. Shona," akasema. Nilipokuwa namzungushia futi kiunoni akashusha sauti. "Na ile siku yako, mimi nilisema maneno mbaya. Nguo hapana fukuza bwana. Bwana akikimbia, ni mguu yake."

Jumamosi iliyopita, basi, nikaingia chumba kile na Aneti. Ukuta umepakwa rangi mpya. Viti vilikuwa viwili. Nje, bibi wawili wazee wa ukoo walikuwa wamekuja wamevaa kitenge chao kilekile cha miavuli bila wasiwasi wowote, wakisema nguo ya sherehe ni nguo ya sherehe. Wageni walikuwa wamesema saa sita. Saa saba ikapita. Saa nane kasorobo poda ilikuwa inamtiririka Aneti na jasho, anaitazama simu iliyokuwa kimya.

Nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mtu yeyote: nikamsimulia siku yangu, kutoka ndani. Saa nne ya viti, saa sita ya mbuzi, saa nane ya wanawake kunyamaza. Nikamwigiza baba mdogo na simu yake, anavyoitikisa kana kwamba mtandao umekwama mle ndani. Nikamwambia jinsi nilivyobanwa na haja ndogo tangu saa saba nikaona haya kutoka. Alianza kwa kulia, akaishia kwa kucheka, kicheko kikubwa mpaka wanawake wakagonga mlango: "Nyinyi ndani! Bibi harusi hapana cheka!"

"Sasa mwisho," akaniuliza akijifuta macho, "yeye alisema sababu iko nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui. Hilo si geni. Geni ni kwamba sikuona haja ya kujua. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye sehemu ya majirani walivyoitwa kula, kwa sababu mmoja alikuja na sufuria lake kutoka nyumbani.

Hapo ndipo honi zikalia. Magari matatu, moja lilikuwa limepasuka tairi njiani. Vigelegele vikapanda, mlango ukafunguliwa, wakamshika Aneti mkono wakamtoa. Alinitazama mara moja tu, uso umemng'aa, akaenda zake. Mlango ukafungwa.

Nikabaki peke yangu. Nikakaa tena kitini, sijui kwa nini, mikono juu ya magoti. Nje ngoma inapigwa, watu wanaitana, nami nimekaa tu, kama mtu anayefuata mazoea. Baada ya muda mlango ukasukumwa. Alikuwa shangazi Yunisi, jasho linamtoka, sahani ya nyama mkononi.

"Na wewe? Watu wote wako nje. Hapa ndani unangojea nani?"

Nikaipokea ile sahani.

"Hakuna mtu, shangazi," nikasema. Nikainuka, nikatoka.

Kaa salama huko Juba, ambako nasikia umehamia, na mke wako na watoto. Nimekusamehe kwa moyo wote, na sababu yako, kama bado unayo, usijisumbue kuileta.

Ni mimi,
dada yake bibi harusi