Kitambaa Cheusi cha Horace Tilbrook

Silver Spring, Maryland
Tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa Kaka Kipchumba,

Kabla ya salamu, pokea ombi la msamaha. Miezi minane imepita bila mimi kukuandikia, nami sina udhuru unaostahili wino. U hali gani? Goti lako la kulia limepata nafuu? Na shemeji je, bado anapanda ngazi ya ghala mwenyewe ingawa daktari alimkataza? Sisi huku tu wazima, isipokuwa kwa baridi, ambayo sitailalamikia kwa mara ya kumi.

Ninaandika kwa sababu nimepatwa na mshtuko. Tangu Jumanne sijala chakula nikasikia ladha yake.

Unajua kwamba Tania, binti wa marehemu mdogo wetu Kipkemboi, ameposwa na kijana wa Australia, Lachlan Tilbrook, mtafiti wa ngano huko Beltsville. Wewe mwenyewe uliniagiza niwe msemaji wetu, niuchunguze ukoo wa kijana kama baba zetu walivyofanya: ni watu gani, na kama wana damu ya mtu mikononi. Lachlan hana baba. Amebaki na nyanya mgonjwa huko kwao. Aliniletea kitabu cha picha na vipande vya magazeti juu ya baba wa babu yake, Horace Tilbrook, aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa kandanda ya Kiaustralia zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mchezo huo si kandanda tunayoijua sisi. Mpira wake una umbo la yai, kila upande una watu kumi na wanane, mikono inaruhusiwa, na mtu huweza kupanda mabega ya mwenzake ili audake hewani. Horace alitoka kiwanda cha ngozi mjini Melbourne mwaka wa 1906, akiwa na miaka kumi na tisa, akacheza mechi mia moja na kumi na mbili. Gazeti moja liliandika kwamba akiruka, watazamaji hupata nafasi ya kuvuta pumzi kabla hajatua. Nakiri, Kaka, nilimpenda.

Kwa hiyo mwezi wa Januari, wageni walipokuja kwa Euphrasia, mama yake Tania, kumtambua kijana, nilisimama nikamsifu Horace kwa nusu saa nzima. Picha yake ilizunguka mkono kwa mkono. Amevaa fulana ya milia, na juu ya kiwiko amefunga kitambaa cheusi.

"Mwalimu, hicho kitambaa nacho ni cha nini?" aliuliza jirani yetu Ochieng, ambaye hapitwi na kitu.

"Ni utepe wa nahodha," nilijibu mara moja, bila kujua.

"Ehe! Kumbe Tania anaingia ukoo wa makapteni. Kwetu sisi tulibeba chupa za maji tu!"

Nyumba nzima ilicheka. Wanawake walipiga vigelegele, nami nikambariki kijana kwa jina la babu huyo mbele ya mashahidi wote.

Jumanne nilikwenda maktaba ya hapa mjini kuandaa hotuba ya koito, siku ambayo pande mbili zingekaa na kukubaliana, tarehe 29 mwezi huu. Nilitaka kujua Horace alistaafu vipi. Mkutubi alinionyesha jinsi ya kusoma magazeti ya kale ya Australia kwenye kompyuta. Sikufika kwenye kustaafu.

Mwezi wa Julai mwaka 1911, mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja, Horace alimpiga kwa kiwiko, kwenye panja, mchezaji wa timu pinzani aitwaye Dennis Maher, mwoka mikate wa miaka ishirini. Maher aliinuka, akacheza hadi mwisho, akaenda kwao kwa miguu. Jumatatu alikufa. Baraza la ligi lilisema ni ajali. Jumamosi iliyofuata Horace aliingia uwanjani na kitambaa cheusi cha matanga, akafunga mabao matano. Picha ile ilipigwa siku hiyo.

Nilisoma mara tatu. Kitambaa cha msiba wa mtu aliyemuua, nami nilikitembeza sebuleni kama nishani! Mwaka uliofuata Horace alifanywa nahodha kwa kweli, na mama yake Maher aliliandikia gazeti mistari miwili: kwamba hakuna mtu wa Tilbrook aliyewahi kubisha mlango wake.

Jioni ile ile nilimwita Lachlan pamoja na Tania, nikawaonyesha. Kijana alipauka. Alisema hakujua, nami namwamini, kwa maana hakuna apaukaye kwa makusudi. Aliyewaka ni Tania.

"Baba mkubwa, with respect, huyo mtu alikufa 1911! Mnataka tufanye nini, tumfufue?"

"Nataka mketi na watu wake, mwombe msamaha kabla ya ndoa," nilimwambia. "Damu haihesabu miaka."

"Na kama hawako?"

Wako. Kwa siku mbili Lachlan alimpata mjukuu wa dada yake Maher, mwanamke wa miaka themanini na mmoja anayeishi Ballarat, huko huko Australia, akamwandikia kwa barua pepe. Jibu lilikuja juzi, nalo ni swali moja tu: je, anayeuliza ni Lachlan mwenyewe, au ni wakwe zake?

Kaka, swali hilo lilinichoma. Nilikuwa nimedai desturi itimizwe, wala sikuwa nimemwuliza kijana moyo wake unasema nini.

Jana alikuja bila kuitwa. Amekwisha kununua tiketi. Anasafiri tarehe 20 kwenda kubisha mlango huo mwenyewe, na koito isubiri. Kisha akasema kwa Kiswahili alichofundishwa na Tania:

"Mzee, kwenu kijana haendi peke yake kuomba msamaha. Mimi sina mzee. Twende?"

Mimi ni msemaji wa binti. Nikisimama mlangoni pale, nitasimama kama mzee wa Tilbrook, na mtu hasemei pande mbili. Siku ya koito mwingine atakaa mahali pangu, ilhali nilimwahidi Kipkemboi kitandani mwake kwamba ni mimi nitakayemtoa Tania. Nisipokwenda, nitakuwa nimemtwika kijana desturi yetu, kisha nikamwacha aibebe peke yake.

"Shemeji, umeianzisha wewe," aliniambia Euphrasia, "usitutazame sisi." Tania hasemi nami tangu jioni ile ya Jumanne.

Ningekuomba uniamulie, lakini tangu utotoni hukuwahi kunifanyia hisani hiyo. Niombee tu.

Msalimie sana shemeji, Fidelis na wanawe, na majirani wote wa ng'ambo ya mto. Mungu awape mvua ya kiasi, akutie nguvu gotini, na kukuweka hadi tuonane.

Nitakuandikia tena tarehe 20 ikishapita. Barua ikifika, itazame stempu kabla ya kuifungua: ikiwa ni ya Australia, jiandae kukaa mahali pangu.

Mimi ndugu yako nikupendaye na kukuheshimu,
Kipngetich