Sakafu Ilikuwa Bado na Maji

Kartuzy,
Jumapili, 24 Septemba 2023

Mpendwa shemeji Brunon,

Mama yako amekufa na tumemzika Alhamisi. La kufa unalijua. La kuzikwa hulijui, hukuja.

Nakusalimu. Mimi mzima, mgongo tu ndio unauma kama ulivyouacha. Naamini hujambo, na Linda hajambo, na ndege haikukuchosha. Hapa mvua. Viazi vimetoka vizuri mwaka huu, Mama hakuviona.

Naandika barua kwa sababu simu ukichoka kusikiliza unaikata. Barua utaisoma mpaka mwisho, nakujua. Mimi sikusoma sana, nitasema kama ninavyosema.

Ile nyumba ya hoteli kule mjini Gdańsk uliikodi mwenyewe, siku kumi na nne, ng'ambo ya mto kwenye maghala ya zamani. Jengo jipya wamelivalisha matofali lifanane na ghala. Mlango hauna ufunguo, una namba. Jiko ni kioo kitupu, huoni pa kuwashia. Ulikuja kumtoa Mama kijijini na mifuko yake miwili ukamwambia sasa ataishi kama malkia. Miaka thelathini na moja uko Kanada, hukumlaza kwako hata siku moja. Ukataka kuilipa yote kwa siku kumi na nne.

Ijumaa ukapanda ndege. Nyumba ilikuwa yenu mpaka Jumapili. Mama alitaka mtoke pamoja. Ukasema hapana, abaki amalizie raha, mimi Alojzy nitamfuata Jumapili saa nne asubuhi. Bibi wa miaka themanini na sita, ghorofa ya nne, peke yake na jiko asilojua kuliwasha. Alikula mkate mkavu na supu baridi, ile ya kuku aliyoifunga mwenyewe kwenye chupa. Chupa nilizikuta zimeoshwa, zimepangwa mstari.

Jumamosi alinipigia. Akasema, "Lojz, njoo leo." Nikamwambia, "Kesho, Mama. Mwanao kakulipia mpaka kesho, lala." Akasema basi sawa. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, basi sawa.

Sasa utani wako. Ulimwambia hoteli hiyo wakikuta chembe moja ya mkate chini wanamwita polisi. Ulicheka, najua, unacheka kila kitu. Yeye hakucheka. Alimpigia dada yake Hildegarda Ijumaa hiyo jioni, akamwambia, "Brunek wangu wasije wakamkamata uwanja wa ndege kwa ajili yangu." Hildegarda akamwambia, "Roza, mwanao alikuwa anatania." Akajibu, "Utani au si utani, nyumba ya watu haiachwi chafu."

Wewe umesahau mama yako alikuwa nani. Miaka ishirini na tisa amepiga deki nyumba ya wagonjwa wa kifua, kwa magoti. Ndio pesa iliyokuvisha viatu ukaenda shule.

Jumapili nilibonyeza namba uliyoniandikia, nikaingia. Alikuwa kifudifudi, kati ya kitanda na dirisha. Koti lake la safari lilikuwa kwenye kiti na kitambaa cha kichwa juu yake, mifuko miwili mlangoni. Ndoo hakuikuta humo, akatia maji kwenye bakuli la saladi. Tambara hakulikuta, akavua shimizi yake. Mkono ulikuwa bado umeishika. Nyumba nzima alishaipiga deki, kilibaki kipande cha ukubwa wa mlango. Sakafu ilikuwa bado na maji. Yeye bado alikuwa na joto.

Akaja msichana wa usafi, Oksana, na kigari chake. Akasema, "Mjomba, mbona bibi alijitesa hivi? Mgeni akitoka sisi tunaosha vyote. Hata pasafi tunaosha." Akatazama chini akasema, "Kaosha kunishinda." Akalia. Mimi sikulia.

Meneja ni kijana wa viatu vyeupe. Alitoa pole, kisha akaomba tupite lifti ya nyuma, mbele wageni wanakunywa kahawa. Lifti ya nyuma ndiyo ya mashuka machafu. Mama yako alitoka nayo, kwenye mfuko mweusi wenye zipu, kigari cha mashuka pembeni. Saa nane Waswidi wawili walikuwa wamesimama koridoni na mabegi, wanauliza chumba tayari? Kilikuwa tayari. Hakikuwahi kuwa tayari hivyo.

Jumatatu ukanipigia. Usiseme hukusema, nakumbuka neno kwa neno. "Lojz, watu wa huko wana midomo. Sema ulimrudisha Jumamosi, akafia kitandani kwake. Ukifanya hivyo, nyumba ya Mama kaa tu mpaka ufe." Nikakuuliza, na nisipofanya? Ukasema, "Wewe ni mtu mzima, unajua karatasi ya nyumba ina jina la nani."

Najua. Ina jina lako. Dada yako Truda, mke wangu, alikufa mle, nimemuuguza mle. Paa nimeliezeka mimi mara mbili. Mama nimemkatia kuni miaka sita tangu Truda aondoke. Jina ni lako.

Jumatano jioni watu walikuja kusali rozari, jikoni palijaa. Tulipomaliza nikawapa kahawa na keki ya hamira. Feliks jirani akatoa pembe lake la ugoro, likaanza kuzunguka meza kama kawaida. Ndipo mama yako mdogo Hildegarda akaniuliza mbele ya wote. "Lojz, dada yangu kafia wapi?"

Nilikuwa na jibu lako mdomoni, Brunon. Nakuambia ukweli. Nina miaka hamsini na tisa, mgongo umekwisha, nitakwenda wapi. Nilifungua mdomo niseme kitandani kwake.

Nikasema, "Hotelini. Kwa magoti, anawapigia deki."

Nikawaambia na utani wako. Feliks akasema, "Kanada wanafundisha hivyo?" Mwingine akasema, "Kamfanya malkia wa tambara." Hildegarda akasema, "Huyo Brunek asikanyage kaburi la dada yangu. Akija nitamtia fagio la choo usoni." Walikutukana mpaka kahawa ikapoa. Nilikaa nawasikiliza na nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi.

Kisha Hildegarda akasema, "Maskini Lojz, wewe ulikimbia ukakuta Mungu kakutangulia." Na hapo ningeweza kunyamaza.

Sikukimbia. Saa nne kasoro dakika tano nilikuwa nimeshafika, gari nimeliegesha upande wa pili wa mto, madirisha yenu nayaona. Nikamimina kahawa. Nikasema moyoni, mimi siyo dereva wa Brunon. Bibi aliyataka maisha ya kioo, akae nayo kidogo. Nilikunywa kahawa yote. Saa nne na nusu ndipo nikapanda. Nusu saa, Brunon. Sakafu ilikuwa bado na maji. Ningepanda saa nne ningemkuta na bakuli mkononi, ningemwambia inuka Mama, twende.

Nikawaambia hilo nalo.

 Hildegarda akanigeukia. Akasema, "Nyie wote wawili mbwa. Yule mbwa wa mbali. Wewe mbwa wa karibu." Pembe la ugoro lilikuwa kwa Feliks, aliyekaa kushoto kwangu. Akalinyoosha juu ya sahani yangu, akampa aliyekaa kulia kwangu. Miaka thelathini na tatu nimekaa kijiji kile, pembe halijawahi kunipita.

Mazishi yalikuwa mazuri. Padri alisema maneno mafupi. Amelala pale pale, baba yako upande mmoja, Truda upande wa pili. Jeneza nilibeba mimi mbele, kwa sababu hakukuwa na mwana. Ulituma shada kubwa kuliko yote, lina utepe umeandikwa kwa dhahabu. Hildegarda aliukata utepe kwa kisu cha mkate. Maua akayaacha, akasema maua hayana kosa.

Nyumba nimeitoka jana. Hukunifukuza, sikungoja unifukuze. Nimedeki vyumba vyote. Funguo ziko kwa Hildegarda, utazichukua kwake, ukithubutu. Kuku nimempa Feliks, amewapokea bila kuniangalia. Nimepata kitanda kwenye kontena ya vibarua hapa Kartuzy, tuko wanne, mmoja anakoroma.

Nisalimie Linda na watoto wako Derek na Monika. Waambie bibi yao alikuwa na picha zao kwenye mfuko, nimemzika nazo. Hildegarda hakusalimu. Mungu akuangalie huko uliko, na akuangalie vizuri, asipepese jicho.

Nilimpenda dada yako, kwa hiyo bado mimi ni shemeji yako. Kesho narudi kazini.

Alojzy