Dakika Tisa za Kituo Namba Tisa

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi, na wale mapacha ambao nasikia wameanza kung'oka meno. Waambie shangazi yao anatengeneza meno kila siku, lakini ya saizi yao hana, kwa hiyo wasubiri yaote yenyewe. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi aliniambia unalala sakafuni, na kwamba ukiitwa kula unajibu ukiwa umelala hapohapo. Natumaini barua hii itakukuta umeshapanda kitandani. Sisi huku hatujambo. Baba anakula na analalamika, basi ujue ni mzima. Jicho lake la kushoto limefifia, ila la kulia linaona hata vumbi la juu ya kabati, na kila asubuhi lazima aniarifu.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu ningeanza, ungenikatiza, nami ningesingizia mtandao. Hata hapa nimeshainuka mara tatu tangu niandike salamu. Nimekwenda kukaza bomba lililokuwa limekazwa. Nimepanga viatu mlangoni. Nimechungulia dirishani kana kwamba kuna mgeni ninayemngoja. Nivumilie, nitafika.

Kazini niko palepale, kwenye chumba kidogo nyuma ya kliniki, nikichonga meno ya bandia na kuyang'arisha mpaka nijione ndani yake. Jumamosi mchana nikishafunga, huwa naenda dukani kwa Fundi Redio. Sidhani nimewahi kukueleza habari za pale. Nyuma ya duka lake kuna chumba chenye viti vinne, kila kimoja na kilema chake, televisheni kubwa aliyoifufua mwenyewe, na rafu za diski kutoka sakafuni hadi darini. Tunakutana watu wanne kuzungumzia sinema za zamani zinazotolewa upya kwenye diski. Wala si zile zinazojulikana na kila mtu. Tunapenda zilizosahaulika, zile ambazo hata walioigiza humo huenda hawakumbuki.

Usicheke. Watu wazima hununiana kwa mambo hayo. Fundi Redio anataka picha isafishwe mpaka ing'ae, kila mkwaruzo ufutwe. Muuguzi, ambaye anashinda wiki nzima wodini na damu kisha Jumamosi anakuja kutazama filamu za kutisha, anasema mikwaruzo ni kama mikunjo ya uso. Ukiifuta unabaki na mtu usiyemjua. Wamewahi kukaa mwezi mzima hawasemezani kwa sababu ya filamu moja iliyotolewa mara mbili, toleo la pili likiwa fupi kwa dakika nne. Mimi nilikuwa mpatanishi. Nilipeleka salamu za kila mmoja kwa mwenzake, na nyingine nilizitunga mwenyewe.

Wa nne ni mzee tunayemwita Mzee Lenzi. Alikuwa mpiga picha wa sinema enzi zake. Anatembea na fimbo, anavaa koti hata jua likiwa kali, na kila mara hukaa kiti cha jirani na changu kwa sababu, anasema, mimi sili biskuti kwa kelele. Ni mtu mpole. Alipiga filamu moja tu maishani mwake, kisha hakuitwa tena, akamalizia kazi akipiga picha za vitambulisho. Filamu hiyo ni *Kituo Namba Tisa*.

Nadhani hapo umesimama kidogo, kaka. Naam, ndiyo hiyohiyo waliyoipiga pale kwenye stesheni yetu ya zamani. Wewe ulikuwa na miaka minane, utakumbuka zile taa kubwa na wageni waliovaa kofia. Mimi nilikuwa wa kubebwa mgongoni. Sote wawili tulikua tukijua kwamba Mama aliwekwa kwenye kipande cha mwisho, na sote tuliambiwa na Baba kwamba filamu iliungua, haipo tena duniani.

Mwezi wa pili mwaka huu Fundi Redio alitupokea mlangoni, jambo ambalo si kawaida yake, maana hata mteja humpokea akiwa ameinamia waya. Alisema kampuni moja ndogo ya mbali, inayookota filamu zilizotupwa na kuzitoa kwenye diski, imepata nakala ya *Kituo Namba Tisa* ndani ya ghala. Zilitengenezwa nakala tatu tu. Mbili zilioza kwa unyevu, na hii ya tatu ndiyo iliyokuwa ikizungushwa mji kwa mji. Muuguzi alipiga makofi. Mzee Lenzi alitafuta kiti kwa mkono, kama kipofu, akakaa. Nami nilisema nimeacha jiko linawaka, nikaondoka. Sikuwa nimeacha jiko lolote.

Diski ilifika baada ya wiki tano. Siku ya kuitazama Mzee Lenzi alikuja amenyoa, na chini ya koti alivaa tai. Filamu ni nzuri, kaka, nakwambia kweli. Ni habari ya mkuu wa stesheni anayelazimishwa kustaafu, lakini kila asubuhi anarudi kazini kana kwamba hakuambiwa. Tulitazama bila kutafuna chochote. Kisha, pale mzee wa watu anapovua kofia yake na kuitundika, picha ikakatika. Skrini ikawa nyeusi, yakatokea maandishi meupe: dakika tisa za mwisho za filamu hii hazijapatikana.

Fundi Redio aliinuka kuitoa diski, Mzee Lenzi akamzuia kwa fimbo. Alisema anataka kuyasoma yale maandishi mpaka mwisho. Halafu, kwa sauti ya chini, akatueleza kwamba zile dakika tisa ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya ikamridhisha. Walingoja siku nne mwanga wa asubuhi uingie kupitia dirisha la tiketi jinsi alivyotaka. Filamu ilipoanza kuzunguka, kufika mji wa tatu ikawa haina mwisho. Watu walizomea, wenye kumbi wakairudisha, wakasema ni kazi ya watu wasiojua kazi. Aliandika barua kila mahali. Hakujibiwa. Akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu, akaniuliza: "Binti yangu, hivi mtu anaiba mwisho wa filamu aupeleke wapi?"

Nilimwambia sijui, mzee wangu.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nasahau nilichosimamia. Kazini nilichanganya majina ya wateja, bibi mmoja akapewa meno ya juu ya dereva wa lori, akarudi akiwa ameyashika mkononi, akaniuliza kwa upole kama nina ugomvi naye. Jumamosi mbili sikwenda kwa Fundi Redio. Ya tatu nilifika mpaka mlangoni, nikaona fimbo ya Mzee Lenzi imeegemea ukuta, nikageuza.

Sasa kaka, hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tafadhali kaa, kama mgongo unakuruhusu.

Filamu haikuungua. Kipande cha mwisho kilikuwa nyumbani kwetu, ndani ya mkebe wa bati, chini ya kitanda cha Baba, miaka yote hiyo. Mimi nilijua. Nilikiona miaka kumi na mitatu iliyopita, nilipokuwa natafuta mahali panapotoka harufu ya siki chumbani kwake. Mikanda ya zamani ikianza kuharibika hunuka hivyo, ingawa wakati huo sikujua. Baba alinikuta nimeufungua mkebe. Hakunigombeza. Aliketi kitandani, akaniambia ni Mama huyo, na nikimpenda yeye nisimwambie mtu. Nikaapa.

Miaka miwili baadaye ukaja wewe, unataka kuoa, unamwomba Baba picha moja tu ya Mama umwonyeshe mchumba wako. Picha zote za nyumbani ziliharibika bomba lilipopasuka, hilo ulilijua, ila ulidhani labda amebakiza hata moja. Baba akakwambia hakuna kilichobaki. Ukamwambia amemzika mara mbili. Ukachukua begi lako. Mimi nilikuwa jikoni, nimeshika sufuria tupu, nikisikia kila neno, na umbali kutoka jikoni hadi ule mkebe ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu tangu hapo mara nyingi sana. Ningetoka nikasema, usingeondoka vile. Miaka kumi na mmoja umemwita Baba mtu asiye na moyo, nami kwenye simu nikakuitikia "ndiyo kaka" ili tusigombane. Kosa la kuficha ni lake. La kukuacha uondoke ni langu, na sitaki tena kulificha nyuma ya kiapo.

Nilimwambia Baba habari za Mzee Lenzi siku ya Jumapili, tukiwa tunachambua mchele. Nilimweleza yote: tai, maandishi meupe, lile swali. Alichambua mchele ule mpaka ukawa hauna hata chuya ya kusingizia. Siku tatu alikuwa anazunguka nyumbani akigusa vitu, naye kama mimi, tukapishana koridoni kama walinzi. Siku ya nne akasema, "Mlete."

Mzee Lenzi alikuja Alhamisi saa tisa alasiri. Sikuwa nimemwambia anaitiwa nini, nilisema tu Baba aliwahi kuwa mchezesha sinema kwenye ukumbi wa mji. Baba alikuwa ameuweka mkebe mezani tayari, kati ya vikombe. Mzee Lenzi akauona. Akasoma karatasi iliyobandikwa juu yake, maandishi ya mkono wake mwenyewe. Akaufungua, ile harufu ikajaa chumba, akaufunga.

"Ulijua ni jasho la watu?" akamuuliza Baba.

"Nilijua."

"Basi kwa nini?"

Baba akamwambia kwamba mke wake yumo ndani. Filamu ilifika ukumbini mwezi mmoja baada ya kumzika. Aliionyesha siku sita, na siku sita alimwona akiingia, akizungumza, akitoka. Siku ya saba gari la kupeleka mikanda mji mwingine lilikuwa linaondoka saa nne asubuhi. "Nikaona na yeye anaondoka," Baba akasema. "Nikamshusha."

Wenye ukumbi walimshuku, na ingawa hawakuupata mkebe, walimfukuza kazi. Sisi tuliambiwa ukumbi umefungwa.

Chai ikapoa. Mwishowe Mzee Lenzi akasema anasikitika kwa msiba wa Baba, kisha akasema alikuwa na miaka thelathini na mmoja alipoipiga filamu ile, na hakupewa kamera tena. Aliyasema yote mawili kwa sauti ileile. Akaukumbatia mkebe kama mtoto mchanga, akaondoka bila kuaga. Baba hakujaribu kumzuia. Alisimama mlangoni mpaka ile fimbo haikusikika tena.

Fundi Redio aliufunga mkebe kwa vipande vya godoro la sponji, ukatumwa kwenye ile kampuni. Majibu yalikuja baada ya wiki saba. Mkanda umesinyaa, sehemu nyingine zimeshikana na hazitenganishiki. Katika dakika tisa wameokoa sita. Watatoa toleo jipya, na wamemwomba Mzee Lenzi aelekeze mwanga ulivyokuwa. Jumamosi iliyopita alirudi dukani. Alikaa kiti kingine, si kile cha jirani na changu. Sikumlaumu. Lakini wakati wa kuondoka alisimama mbele yangu, akasema Baba anaweza kuja siku ya kuonyesha, kama miguu inamruhusu. Baba amekwisha pigisha shati lake pasi mara mbili, na siku yenyewe bado haijapangwa.

Hizo dakika sita, ambazo kampuni imetutumia kabla ya toleo lenyewe, ziko kwenye diski niliyoifunga humu. Mama anaingia dakika ya nne. Ni mfagizi wa stesheni. Mkuu wa zamani ameshaondoka, amekuja mpya, kijana, anahangaika na mlango wa ofisi. Mama ameinama anafagia, anainua uso, mwanga wa lile dirisha unamwangukia shavuni, anamwambia: "Unyanyue kidogo kwanza, ndipo utafunga." Basi. Anarudi kufagia, anatoka.

Nimeyasikia maneno hayo labda mara mia. Nilikuwa na miaka mitatu alipokufa, kaka, sina sauti yake hata chembe kichwani. Hii ninayoisikia ni nzito, ina kamkwaruzo, kama ya mtu aliyetoka kucheka. Muuguzi anasema huenda ni mkanda ulioharibika. Fundi Redio anasema mashine zao zinaweza kuipotosha sauti. Nikimuuliza Baba, anasema amekwisha isikia mara nyingi mno, hajui tena ipi ni ya mkanda na ipi ni yake. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Alikuamsha kwenda shule, alikuita kutoka uwanjani. Wewe ndiye uliyebaki unayeweza kuniambia.

Isikilize, tafadhali. Halafu, ukiwa na hasira nami bado, piga simu hivyohivyo na hasira zako, uniambie tu kama alikuwa akizungumza vile.

Baba anakusalimu. Hakuniagiza kusema zaidi, ila alinyoosha bahasha hii kwa kiganja chake kabla sijaandika anwani yako. Nisalimie wifi, nibusie mapacha, na ulale mahali palipo laini.

Mdogo wako anayekukosea na kukupenda,

Kiherehere