Pindo la Nguo ya Arusi

Swafiya mjukuu wangu,

Salamu zivuke bahari zikufikie, wewe na huyo aliyemo tumboni. Hapa kisiwani Koyama tu wazima. Mjomba wako anaipaka mashua mafuta ya papa, na wote wameukimbia uvundo ila mimi.

Umeniandikia kwamba daktari amegundua kwa nini hujawahi kusikia harufu. Ulipokuwa ukiumbwa, mishipa ya kunusa haikufika kwenye ubongo, kwa sababu jeni ya kuiongoza ina kasoro. Unaogopa mwanao atairithi, na umeuliza imetoka kwa nani.

Nadhani imetoka kwangu.

Nilikuwa kigori tulipofukiza nguo za arusi ya dadangu. Mama aliniachia chetezo, na aliporudi mlangoni akauliza, "Udi umekolea?" Nikamjibu umekolea, kwa kuwa moshi ulikuwa mwingi. Kumbe pindo la nguo lilikuwa likiungua, na nyumba nzima imeshasikia isipokuwa mimi niliyeishika nguo yenyewe.

Mama hakunigombeza. Alinitazama sana, akalikata pindo, akashona jingine, kisha akaniambia polepole, kwa lafudhi yetu ya kisiwani, "Basi we tazama nyuso za wachu." Ndivyo ninavyoishi. Babu yako akivaa kanzu ya Ijumaa huniuliza kama imenukia, huku akijua, nami humtazama usoni nikamjibu.

Mamako alipozaliwa, kila aliyempakata alisema mtoto ananukia. Mimi nilimbusu utosini kila siku, wala sikuona kilichopungua.

Bibi yako,
Mwanasha