Macho ya Oketch

Rahab, uko? Nimetoka kwa Mwalimu Simeon sasa hivi.

Oketch amerudi! Oketch wa Ahero, tuliyekuwa naye kidato cha nne mwaka wa tisini na mbili. Huyo huyo!

Unakumbuka mwalimu alivyotufundisha wale wanafalsafa wa Ugiriki ya kale? Ati kilicho nje ya uwezo wako usikililie, ndio uishi na furaha. Sisi tulifaulu mtihani tukasahau. Oketch akalishika lile somo. Mamake alipokufa, boma lote likapiga nduru, yeye akasimama kimya, macho makavu. Shangazi zake wakasema, "Mtoto asiyemlilia mamake ndiye anajua kilichomuua." Wakamfukuza kaburi likiwa bado wazi, na hatukumwona tena hadi leo.

Sasa leo mzee Simeon amemkumbatia, analia kama mtoto. "Ni mimi nilikuambia usilie. Ni mimi!"

Unajua Oketch alimjibu nini?

"Wacha kulia, Mwalimu. Hiyo iko nje ya uwezo wako."

Macho makavu, Rahab. Makavu! Na hakuwa anamkejeli. Alikuwa anamfariji.