Transfoma Yangu Ndani ya Amplifaya Yao

Jumatatu. Mvua imeshinda ikipiga bati na sikufungua kibanda. Hata ningefungua, nani angekuja? Tangu jana mimi ni mwizi aliyetubu, na mwizi aliyetubu watu humpa mkono kanisani, hawampi redio yao.

Nina uchungu. Naandika ili nisimseme mtu vibaya mbele ya watoto.

Kwa kawaida kazi ya kukataa naijua. Mtu akiniletea amplifaya, kabla sijalegeza parafujo hata moja, nainusa. Ikinuka kuungua namwuliza imekuwaje. Akijibu kwamba ilizima yenyewe tu, najua nyaya za betri ya gari ziligeuzwa na mwenyewe anaona aibu kusema. Nikikuta vichwa vya parafujo vimelika, najua yuko fundi aliyenitangulia akashindwa, na makosa yake nitabebeshwa mimi. Nikikuta fyuzi imefungwa karatasi ya sigara, mzigo naurudisha siku hiyohiyo. Kazi za namna hiyo zinakula wiki nzima, zinakula risasi ya kuungia nyaya na mkaa wa kupashia chuma cha kulehemu, na mwisho mwenyewe anakwambia mbona sauti si ile ya zamani. Nilishajifunza. Namwambia mtu hii imefika mwisho wake, usipoteze hela yako. Ananuna kidogo, anaondoka, na mimi nalala vizuri.

Amplifaya ya kwaya ya Nyakasimbi ilikuwa na dalili zote hizo. Ilinuka, parafujo zimelika, fyuzi ina karatasi ya sigara.

Nikaipokea.

Niliipokea kwa sababu iliyoileta ni mikono ya Baba. Alitoka nayo Nyakasimbi mpaka hapa Nyaishozi, ameibeba kichwani imefungwa kwa kitenge, mzee wa umri ule, na nyuma yake anakuja Ta Kaihura, mwenyekiti wa kwaya, mikono mitupu. Ta Kaihura si mtu mbaya. Lakini tangu nikiwa mdogo sijawahi kumwona akibeba kitu Baba akiwepo.

Lazima nieleze hapa, ingawa hakuna anayesoma. Baba alivuka kutoka Rwanda akiwa kijana, akafika huku akilima mashamba ya watu na kuchuma kahawa yao. Baba yake Ta Kaihura ndiye aliyemkatia kipande cha shamba pale Nyakasimbi. Hakuna karatasi, hakuna mpaka uliopimwa, ni maneno ya mdomo tu na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kilichonywewa siku ile. Aliyetoa neno ameshakufa. Neno limebaki kwa mwanawe. Kwa hiyo migomba ya Baba, kahawa yake, kaburi la mama yangu, vyote vimekaa juu ya ulimi wa Ta Kaihura. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema ni lini mwenye jembe anaacha kuwa mgeni.

Basi walipoketi kibandani, Ta Kaihura alitoa mfukoni kahawa ya kutafuna, akatugawia. Tukatafuna wote watatu. Ukishatafuna kahawa ya mtu, kumwambia hapana ni kumtemea. Naye alijua, ndiyo maana hakutaja shida yake mpaka tulipomaliza. Kisha akasema kwaya ina harusi ya binti wa katekista, na bila amplifaya ni aibu kwa kigango kizima. Baba akadakia kwa Kinyarwanda, sauti ya chini, macho yake yakiwa sakafuni.

"Usiniangushe mbele yake."

Ningefanya nini? Nilisema nitaitazama.

Niliitazama. Transista niliweza kuzipata. Transfoma ya kutolea sauti ilikuwa imeungua mpaka waya wake ukawa mweusi kama punje za kahawa zilizosahaulika kikaangoni. Ya kubadilisha haipo Nyaishozi, haipo Kayanga, na Bukoba ni safari ya kwenda kuambiwa njoo mwezi ujao. Fundi mwenye akili angeirudisha na pole nyingi. Mimi nikaigeukia amplifaya yangu mwenyewe.

Hiyo yangu ndiyo inayotulisha. Ufundi niliupata miaka ile baada ya vita vya Amin, redio zilipokuwa nyingi huku na wa kuzitengeneza wachache, na kila nilichodunduliza nilikiweka kwenye mashine ile. Naikodisha kwenye harusi na misiba kutoka hapa mpaka Kamuli. Siku za kibanda kukosa kazi, yenyewe ndiyo inayoleta chumvi na sabuni. Nikaifungua, nikaing'oa transfoma yake, nikaitia ndani ya ile ya kwaya. Matundu hayakulingana, nikaifunga kwa waya wa kawaida. Ikaimba. Ikaimba vizuri kuliko siku iliponunuliwa.

Mke wangu Domitila alisimama mlangoni akiniangalia muda wote. Alisema, "Unamvua nguo mwanao unamvalisha mtoto wa jirani." Nilimjibu vibaya. Nilisema mambo ya mafundi hayajui. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anajua kazi ya kukataa, wala hajawahi kushika mita ya kupimia umeme.

Nilikuwa na mpango, ndiyo. Baada ya harusi ningetafuta transfoma nyingine polepole, nizibadilishe. Na sikumwambia mtu. Hata Baba sikumwambia. Ningemwambia kwamba nimeng'oa chakula cha wajukuu zake, angeirudisha amplifaya yao kwa mikono yake, na mimi nilitaka siku moja tu asimame mbele ya Ta Kaihura akiwa baba wa mtu anayejua kazi. Hicho ndicho nilichokinunua. Kiburi, kwa bei mbaya.

Kuna jambo jingine. Desturi yangu ni kumrudishia mwenye mali kifaa chake kibovu, nimekifunga kwenye gazeti, ili asiseme nimemwibia. Ile transfoma iliyoungua sikuirudisha. Ningeirudisha wangeuliza mpya imetoka wapi. Ikabaki chini ya meza yangu.

Walinilipa mkungu wa ndizi na sala. Nikasema asanteni.

Harusi ikafika, juzi Jumamosi. Kwaya ikaimba nyimbo mbili. Kisha walibadilisha betri, mtu akageuza nyaya, moshi ukatoka. Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa na mpiga ngoma, kwa siri. Mbele ya wengine nyaya hazikugeuzwa na mtu yeyote. Ilizima yenyewe tu.

Mpwa wake Ta Kaihura, aliyekuja likizo kutoka Mwanza, akajitia kuifungua. Hatofautishi transista na kiroboto, lakini macho anayo. Akaona transfoma yenye rangi nyingine, imefungwa kwa waya kama kuku wa sokoni. Akasema hii siyo yenyewe. Akasema mafundi wa vijijini ndivyo wanavyofanya, wanatoa kifaa kizuri cha mteja, wanaweka cha bandia. Na maneno hayo yana ubaya mmoja: mafundi wengine kweli hufanya hivyo. Nimewaona.

Jana baada ya ibada nikaitwa kwenye uwanja wa kigango. Amplifaya iko juu ya benchi, tumbo wazi. Wazee wa kwaya, katekista, Ta Kaihura, yule mpwa, na Baba ameketi mwishoni mwa benchi kama mtu aliyechelewa. Ta Kaihura akaniuliza kwa utulivu, bila matusi. Transfoma iliyomo humu ni ya kwaya?

Nikasema hapana.

Nilikuwa na maneno yangu yote tayari. Nilikuwa nakwenda kusema kwamba yao ilikuwa makaa, na kwamba hii wanayoiita ya bandia ndiyo mali yangu ya pekee. Hata ile iliyoungua nilikuwa nayo kwenye mfuko wa baiskeli, maana nilishahisi ninaitiwa nini. Nilikuwa nimevuta pumzi.

Baba akasimama. Akavua kofia.

"Waitu, ndugu zetu, mtusamehe," alisema. "Kijana amekosa. Sisi ni watu wenu."

Kisha akapiga magoti. Palikuwa na tope.

Nieleze vipi? Neno lolote la kweli baada ya hapo lingemfanya Baba mwongo mbele ya watu wake, akiwa magotini. Katekista alimwinua. Wazee wakasema yameisha, mzee, yameisha, wala hakuna hata mmoja aliyenitazama. Nikaenda kwenye baiskeli, nikaileta ile transfoma iliyoungua, nikaiweka benchini. Nikasema, "Yenu hii hapa. Naomba hii nyingine niichukue."

Wakafurahi! Huo ndio wehu wa jambo lenyewe. Mpwa aliigeuzageuza akasema ndiyo, rangi ndiyo hii. Nikakata waya wangu mbele yao, nikatoa transfoma yangu, nikairudisha maiti yao mahali pake na parafujo zake nne, zikaingia barabara maana matundu ni yake. Ta Kaihura akasema haki imetendeka. Katekista akasali kuhusu mwana mpotevu. Amplifaya ikabebwa ndani ya kanisa ikiwa kamili, na haitasema neno mpaka siku ya kiama.

Shukrani ya punda ni mateke, wanasema. Lakini punda angalau anapiga teke mwenyewe, hakuletei baba yako apige magoti kwa niaba.

Asubuhi hii ametumwa mtu kutoka Kamuli. Wale niliokuwa niwafanyie harusi mwisho wa mwezi wamepata mashine kwingine. Hakusema kwa nini. Alikataa hata kukaa anywe chai.

Domitila anataka Jumapili nisimame kanisani niseme kweli yote. Anasema yuko tayari kusimama nami, yeye ndiye shahidi. Namwambia, tukisema hivyo Ta Kaihura ataonekana mjinga mbele ya kigango chake, na mtu aliyeonekana mjinga hukumbuka ni nani aliyepewa shamba. Amerudi jikoni. Analijua kaburi la mama yangu lilipo.

Mchana kutwa nimejifariji na jambo moja. Nimejiambia Baba anajua. Ananijua tangu nazaliwa, anajua sijawahi kugusa cha mtu. Alipiga magoti kwa ajili ya shamba, kwa hesabu, kama mtu anayefunga mlango kabla mvua haijaingia. Alinitoa mimi sadaka ili tubaki sote. Inauma, lakini ni akili, na mimi ningefanya vilevile kwa wanangu. Nilishafika mahali pa kumsamehe, hata nikafunga daftari.

Sasa nalifungua tena, kabla giza halijaingia, kwa sababu Baba alikuja.

Alikuja na mvua yote ile, amejifunika nailoni, amebeba mfuko wa maharage na senene aliowakamata mwenyewe kwa ajili ya watoto. Akakaa jikoni na Domitila, akanywa uji, akawauliza watoto mambo ya shule. Ya jana hakuyagusa. Nilikuwa karibu kumshukuru kwa hilo. Alipoaga nikamsindikiza mpaka barabarani, mimi nimeshika mwamvuli, yeye amenishika mkono wa shati kama alivyokuwa akinishika nikiwa mtoto tukivuka mto.

Pale barabarani akasimama. Akatazama nyuma kuona kama Domitila anasikia. Akasema kwa lugha yetu, kwa upole ambao sijausikia kwake miaka mingi.

"Mwanangu, ukiwa na shida uwe unaniambia. Usichukue vya watu."

Basi aliamini. Kuanzia mwanzo aliamini. Hakupiga magoti kwa hesabu yoyote. Aliona mwanawe ameiba na akamwombea msamaha, na leo ametembea njia nzima hiyo akileta maharage kwa sababu anadhani tuna njaa.

Nilitaka kukataa. Hapana moja tu, na ndiyo niliyopaswa kuisema tangu siku ya kwanza pale kibandani. Ingetosha, na transfoma yangu ipo mezani, ningemwonyesha alama ya msumari niliyoichora mwenyewe ubavuni mwake. Lakini niliona mkono wake umeshika shati langu, na niliona anavyongoja, na nikajua angelazimika kurudi Nyakasimbi na hiyo kweli peke yake, akijua alichokifanya jana kwenye tope lile kilikuwa juu ya mtoto asiye na kosa.

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Akanipigapiga begani, akaondoka.