Amina Hazikuokoa Majiko Yetu

Jumatatu, 3 Machi
Maharage jikoni tangu alfajiri. Malori yamejipanga hadi konani. Mara mtendaji wa mtaa na karatasi: sisi mama lishe kumi na mmoja tuhame kabla ya Jumatatu ijayo, twende soko jipya kule kilimani. Kule lori halisimami. Dereva gani atapanda kilima kufuata wali? Sihami ng'o! Mkutano wa mtaa ni Alhamisi. Wenzangu wamenichagua niseme, eti mimi mzee wa kanisa na sauti ninayo.

Jumatano, 5 Machi
Hotuba kurasa nne. Nimeisoma kwa sauti huku nasonga ugali. Mama Neema, jirani yangu wa jiko, kasema inatisha. Vizuri. Nataka itishe.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu tupu. Nilipandisha sauti, nikaishusha, nikamleta Musa na bahari yake. Nikivuta pumzi tu, watu "Amina!" Mwenyekiti wa mtaa naye Amina, kanishukuru kwa neno zuri, kaita ajenda ya mitaro. Hakuna aliyejua nimeomba nini. Kumbe sikuomba kitu! Huku kwetu kusema mbele za watu tumejifunzia kanisani. Tukisimama tunahubiri, na mahubiri yakiisha watu wanakwenda kula. Karani wa mtaa kacheka Kiswahili changu cha Kinyiha. Acheke mpaka achoke. Uamuzi Jumamosi.

Ijumaa, 7 Machi
Hasira. Maharage nimeyatia chumvi mara mbili.
Mchana nimemwita dereva Mzambia. "Mulishani," nikamsalimu kwa Kibemba, nikamuuliza ya safari, nikafunua sufuria, nikanyamaza. Kashuka mwenyewe. Miaka tisa nawashusha watu kwenye malori, na sijamhubiria hata mmoja. Mjinga mimi. Kurasa zote nne nimewashia jiko.

Jumamosi, 8 Machi
Mkutano wa uamuzi. Nilisimama bila karatasi. Sikuanza na Bwana asifiwe, maana wangeitikia. Nikasema aliyewahi kula kwetu anyooshe mkono. Mikono ikajaa, wa karani umo, wa mwenyekiti umo. Nikasema: aliye tayari kupanda kile kilima na jua la saa saba kufuata sahani ya wali, auache juu. Ikashuka yote. Nikasema tunaomba tubaki palepale, tutarudi nyuma hatua tano kutoka barabarani, na kufagia tutafagia wenyewe. Nikakaa.
Mdomo uliniwasha niongeze neno, nikaung'ata. Hakuna Amina hata moja. Mwenyekiti kajikuna kidevu, kasema haya, twendeni tukazipime hizo hatua. Mama Neema kalia. Mimi sikulia, nilikuwa bado nina hasira.

Jumatatu, 10 Machi
Manyunyu asubuhi. Kamba aliyopimia mwenyekiti hatua tano imelala chini, majiko kumi na moja nyuma yake. Karani kawahi kuliko madereva, kasimama anaangalia pembeni. Nimefunua sufuria.